Mradi wa mfanyabiashara mdogo wakati wa janga: mfano wa Kisangani, 2020

0. Utangulizi

Neno mradi lina asili ya Kiarabu, nalo lilimaanisha jambo linalokusudiwa. Katika Kiswahili cha leo maana yake imepanuka: hutaja kazi yenye lengo, gharama na muda uliowekwa. Mama anayenunua vitambaa Kinshasa ili ashone sare na kuziuza Kisangani kabla ya shule kufunguliwa ana mradi kamili, hata kama hajauandika popote. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mradi wa aina hiyo unavyoweza kuendeshwa maradhi yanapofunga njia.

1. Kilichozuiwa na kisichozuiwa

Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kongo alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 18 Machi serikali ilikataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 20, ikafunga shule, vyuo vikuu, mikahawa na baa. Tarehe 24 Machi Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura iliyodumu hadi Julai, na Kinshasa ikatengwa na majimbo mengine.

Kwa Kisangani, iliyo umbali wa takriban kilomita 1,700 kutoka Kinshasa kwa njia ya mto, pigo hilo lilikuwa na sura ya pekee. Vyombo vya mizigo viliruhusiwa kupita. Abiria ndio waliokatazwa. Lakini katika biashara ndogo ya mtoni, aghalabu mwenye mali husafiri na mali yake: yeye ndiye mnunuzi, mlinzi na muuzaji. Basi bidhaa ilikuwa na njia, bali mwenyewe hakuwa nayo. Hapo ndipo unapodhihirika udhaifu wa mradi unaomtegemea mtu mmoja.

2. Kuugawa mradi

Hatua ya kwanza ni kuugawa mradi katika vipande na kuuliza, kwa kila kipande: kisimame, kingoje au kiendelee? Mwaka wa shule wa 2020-2021 haukuanza mwanzoni mwa Septemba kama ilivyo desturi, bali tarehe 12 Oktoba. Mshonaji aliyekwisha kata vitambaa vyote kuwa sare alikuwa ameufunga mtaji wake ndani ya nguo zisizo na mnunuzi. Aliyekata sehemu tu angeweza kushona barakoa au nguo za kawaida kwa kitambaa kilichobaki. Kwa hiyo, wakati wa janga, hatua isiyoweza kurudishwa nyuma hucheleweshwa kadiri inavyowezekana.

3. Kuulinda mtaji

Mtaji haupotei kwa kuliwa tu. Mwanzoni mwa 2020 dola moja ilibadilishwa kwa faranga za Kongo takriban 1,700. Mwishoni mwa mwaka ilikaribia 2,000. Faranga 340,000 zilizowekwa sandukuni, ambazo zilikuwa na thamani ya dola 200, zilishuka hadi dola 170 bila mtu kuzigusa. Mwenye kununua bidhaa kwa dola hana budi kuihesabu hasara hiyo, na kutenga mapema fedha za chakula mbali na fedha za mradi.

Chombo kingine ni likelemba, yaani mchango wa zamu: wanachama hutoa kiasi kilekile kila kipindi, na mmoja wao hupokea chote. Likelemba ikivunjwa katikati, waliokwisha kupokea hupata faida, na walio mwisho wa zamu hubeba hasara yote. Heri kupunguza mchango, kurefusha muda au kubadilisha zamu kwa makubaliano, kuliko kuvunja. Mikusanyiko ikikatazwa, mchango hupelekwa kwa simu au hukusanywa na mtu mmoja mwenye daftari.

4. Mwakilishi na maandishi

Mwenye mali asipoweza kusafiri, mwakilishi huchukua nafasi yake. Uaminifu wa jamaa ni msingi mwema, lakini hautoshi. Yafaa kuandika idadi ya mizigo, uzito, bei ya chini ya kuuzia, ujira wa mwakilishi, na nani atakayebeba hasara mali ikilowa au ikizama. Nakala moja hubaki kwa mwenye mali, nyingine husafiri na mzigo. Maandishi hayo hayavunji undugu. Huulinda, kwani ugomvi mwingi huzaliwa na maneno ambayo kila upande unayakumbuka kwa namna yake.

5. Hitimisho

Kisangani imewahi kufungiwa mto kabla ya Korona. Vita vilivyoanza 1998 vilikata biashara na Kinshasa kwa miaka kadhaa, na wenyeji wakategemea baiskeli za toleka kubeba watu na mizigo. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura nyingine, ya ndui ya nyani, kitovu chake kikiwa Kongo. Kwa hiyo kufungwa kwa njia si jambo la mara moja. Mfanyabiashara mdogo hana uwezo wa kulizuia. Anao uwezo wa kupanga mradi wake ili, siku mguu wake utakapozuiwa, mali, hesabu na mwakilishi viweze kuendelea bila yeye.