Mashine Huhamishwa kwa Lori, Ujuzi Je?

Wako wadhanio kuwa daktari apasuaye maiti ni mtumishi wa wafu. Sivyo, ndugu wasomaji. Yeye ni mtumishi wa walio hai.

Mwezi Mei 1952, ndege ya Comet ilianza kuchukua abiria kutoka London hadi Johannesburg kupitia Entebbe. Mwezi Januari 1954 Comet moja ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Elba, Italia, wakafa watu 35. Maiti zilipopasuliwa, mapafu yalionekana yamechanika. Hiyo ilikuwa dalili kwamba ndege ilipasuka ingali angani. Ushuhuda huo uliwasaidia mainjinia kuutambua uchovu wa bati, na ndege zilizofuata zikaundwa kwa uimara zaidi.

Kazi hiyo yataka mahali, lakini yataka watu zaidi. Marekani ilikuwa na taasisi ya patholojia ya majeshi yake, yenye asili ya mwaka 1862. Mwaka 2005 iliamuliwa ifungwe, na mwaka 2011 ikafungwa. Wachunguzi wa vifo vya askari na marubani walihamishiwa Dover, penye kituo cha ndege za jeshi. Lakini mabingwa wengi wa taasisi ile walitawanyika, kila mmoja na njia yake.

Jambo hili latuhusu sisi wa Dar es Salaam, kwani tangu mwaka 2016 Serikali imekuwa ikihamia Dodoma. Mpakiaji wa bandarini ajua kwamba kasha hulifuata lori. Bali mtaalamu hufuata nyumba, shule ya watoto wake na mshahara. Tena bingwa wa patholojia hapatikani kwa mwezi mmoja: husomea udaktari miaka 5, hufanya mazoezi mwaka 1, kisha husomea ubingwa miaka 3.

Ndege iliyotoka hapa tarehe 6 Novemba 2022 ilitumbukia ziwani Bukoba, wakafa watu 19. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo. Misiba kama hiyo huacha swali moja kwa wafiwa: Je, huyu ndiye wetu, na amekufaje?

Basi kabla maabara yoyote, ya jeshi au ya raia, haijahamishwa, yapasa watu wake waandaliwe kwanza; nayo ya zamani isifungwe mpaka mpya ianze kazi. Nyumba njema si mlango.