Richard wa Tatu: Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni

Ndugu msikilizaji, mwaka 2012 wataalamu wa mambo ya kale walifukua maegesho ya magari katika mji wa Leicester, nchini Uingereza. Chini ya lami wakakuta mifupa ya mtu aliyepigwa vibaya kichwani. Februari 2013 ikatangazwa kuwa ni mifupa ya Mfalme Richard wa Tatu, aliyeuawa vitani mwaka 1485. Vipimo vya vinasaba vililingana na vya watu wa ukoo wake walio hai. Machi 2015 akazikwa kwa heshima katika kanisa kuu la mji huo.

Kwa nini mfalme aliyetawala miaka miwili tu abishaniwe miaka mia tano?

Kisa chenyewe ni hiki. Aprili 1483 alifariki Mfalme Edward wa Nne, akaacha wana wawili: Edward, mwenye miaka 12, na mdogo wake mwenye miaka 9. Richard alikuwa ndugu wa marehemu, yaani baba mdogo wa watoto hao, naye akawa mlinzi wa mfalme mtoto. Mjomba wa watoto akamtia mbaroni. Bwana mkubwa Hastings akakatwa kichwa bila kufikishwa mbele ya hakimu. Kisha ikatangazwa kwamba ndoa ya marehemu haikuwa halali, hivyo watoto hawawezi kurithi. Tarehe 6 Julai baba mdogo akavishwa taji. Watoto walikuwa ndani ya ngome ya London. Baada ya kiangazi hicho hawakuonekana tena.

Mwaka 1485 Henry Tudor alivuka bahari kutoka Ufaransa, na tarehe 22 Agosti akamshinda Richard kule Bosworth. Richard alikufa akipigana, akiwa na miaka 32. Ndiye mfalme wa mwisho wa Uingereza kuuawa vitani.

Hapo ndipo kalamu ikashikwa na washindi. Thomas More, aliyeandika habari zake, alikuwa mtoto mdogo mambo hayo yalipotokea, na alilelewa kwa muda katika nyumba ya John Morton, hasimu wa Richard. Naye Shakespeare, yule ambaye Mwalimu Nyerere alitutafsiria Mabepari wa Venisi, alitunga mchezo wake katika enzi ya Elizabeth, mjukuu wa mwana wa ukoo huohuo wa Tudor? La, karibu zaidi: mjukuu wa Henry mwenyewe. Katika mchezo huo Richard ana kibyongo, mkono uliopooza na roho ya shetani.

Mifupa imesema nini? Uti wa mgongo ulipinda upande, bega moja likawa juu kuliko jingine. Lakini mkono uliopooza haupo. Basi waandishi walichukua ukweli kidogo wakautia chumvi nyingi.

Tena kuna mema yasiyosemwa. Bunge lake la mwaka 1484 liliwapa washukiwa nafasi ya kudhaminiwa, likapiga marufuku michango ambayo wafalme waliwatoza watu kwa nguvu na kuiita zawadi, na sheria zake zikaandikwa kwa Kiingereza, lugha ya wananchi. Tangu mwaka 1924 kuna chama kinachotetea jina lake. Watetezi wanauliza: je, Henry Tudor naye hakufaidika kwa watoto hao kutoweka? Ni kweli, hakuna aliyewahi kushitakiwa.

Hata hivyo, ndugu msikilizaji, tusichanganye kesi mbili. Kumsafisha mtu na kashfa ya kibyongo si kumsafisha na damu ya yatima. Watoto walikuwa mikononi mwake, si mwa Henry, ambaye wakati ule alikuwa uhamishoni. Uvumi kwamba wameuawa ulienea angali hai, na angeweza kuuzima kwa siku moja: kuwatoa nje watu wawaone. Hakufanya hivyo mpaka anakufa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya Richard ni kuvuliwa uongo wa washindi. Lakini haki ya wale watoto nayo ipo, nayo ni swali ambalo kila mlezi hulijibu kabla ya mengine yote: uliokabidhiwa wako wapi?