Upana wa Matokeo ya Programu za Amri na Usalama wa Takwimu: Mfano wa Anwani za Gikondo, Kigali

1.0 Utangulizi
Makala haya yanaeleza jinsi programu zinazoendeshwa kwa amri za maandishi zinavyoamua upana wa matokeo yake, na kwa nini uamuzi huo unawahusu watunga sera. Programu ileile, ikisoma takwimu zilezile, yaweza kutoa maandishi tofauti kwenye skrini na kwenye faili.

2.0 Namna Upana Unavyoamuliwa
Kwanza, programu huuliza mfumo endeshi iwapo matokeo yanakwenda kwenye terminali, yaani dirisha la amri, au kwingineko. Yakienda kwenye terminali, mfumo hutaja idadi ya herufi zinazoenea katika mstari mmoja. Ndiyo maana amri ya ls hupanga majina katika safu kadhaa kwenye skrini, lakini huandika jina moja kwa kila mstari matokeo yanapoelekezwa kwenye faili.

Faili halina ukingo. Hivyo programu inayotaka kujua upana hulazimika kukisia. Maktaba sanifu ya Python hutazama kwanza kigezo cha mazingira kiitwacho COLUMNS, kisha huuliza terminali. Vyote viwili vikikosa jibu, hukadiria herufi 80. Kipimo hicho kinakumbusha kadi za IBM za mwaka 1928, zilizokuwa na safu 80.

3.0 Mfano wa Gikondo
Gikondo ni sekta katika Wilaya ya Kicukiro, na miongoni mwa seli zake ni Kagunga na Kanserege. Tuchukulie kwamba programu imeitengea anwani nafasi ya herufi 26. Anwani "Kigali/Kicukiro/Gikondo/Kagunga" na "Kigali/Kicukiro/Gikondo/Kanserege" zote mbili zitakatwa na kubaki "Kigali/Kicukiro/Gikondo/Ka". Kwenye skrini, afisa akiona mkato hupanua dirisha na kurudia amri. Ndani ya faili, herufi zilizokatwa hazirudi. Atakayehesabu kaya kwa kutumia faili hilo ataziunganisha seli mbili kuwa moja bila onyo lolote.

4.0 Hitimisho na Mapendekezo
Jedwali la skrini huandaliwa kwa ajili ya jicho la binadamu, wala si chanzo cha takwimu. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba taasisi zihamishe takwimu kwa muundo usiotegemea upana, kama vile CSV; panapolazimu kutumia jedwali la maandishi, upana utajwe waziwazi katika amri yenyewe; na idadi ya maeneo yaliyomo katika faili ilinganishwe na ile ya hifadhidata kabla ripoti haijawafikia watunga sera.