Sindano ya Kujaza Mashavu: Chupani Mna Nini?



Mama mmoja wa Mgwashi alitujia kliniki na swali. Zamani, alipoanza dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, alipewa stavudini. Dawa hiyo iliokoa wengi, lakini ilimaliza mafuta ya uso, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe hatua kwa hatua. Mashavu yake yalibonyea, na watu walimnyooshea vidole. Sasa binti yake aliyeko Dar es Salaam amepata mtu mwenye chupa ya kujaza mashavu. "Sista, nichomwe?"

Tulimpa mfano wa jikoni. Vunja yai la leo kwenye sahani: ute wake hukaa pamoja kuzunguka kiini. Yai la siku nyingi hutawanyika kama maji. Jeli ya kujaza ngozi nayo yapasa ishikamane, ibaki ilipowekwa hata mtu akitafuna na kucheka. Nyingi hutengenezwa kwa asidi ya hyaluroni, ambayo imo hata katika ngozi yetu. Karl Meyer na John Palmer waliigundua mwaka 1934 katika jicho la ng'ombe.

Kushikamana huko hupimwa kwenye maabara. Jeli husukumwa kupitia sindano kwa mwendo usiobadilika, kisha matone hupimwa uzito. Inayoshikamana vizuri huning'inia, na tone huwa zito kabla ya kukatika. Wengine huitia rangi, huikoroga majini na kutazama inavyomeguka.

Chupa ya mtaani nani ameipima? Mara nyingine ni silikoni ya maji, ambayo huweza kuhama na kuleta vinundu baada ya miaka, wala haina dawa ya kuiyeyusha. Jeli ya hyaluroni inayo, yaitwa hyaluronidasi. Lakini hata jeli nzuri ikiingia katika mshipa wa damu huweza kuozesha ngozi au kupofusha jicho. Kwa hiyo mchomaji awe daktari aliyesomea kazi hiyo, na dawa ya kuyeyusha iwe karibu. Ngozi ikigeuka nyeupe, maumivu yakizidi au macho yakififia, kimbilieni hospitali saa ileile.

Mama alimpigia binti simu mbele yetu, amsomee maandishi ya chupa. Hayakuwapo. Tumemwandikia barua ya kwenda kwa madaktari wa ngozi KCMC, Moshi, na dawa zake za sasa anaendelea kuzimeza kila siku.