Acheni Kuniuliza Nani Msemaji wa Mlima

Kila uchaguzi unapoanza kunusika hewani, swali huwa lile lile: "Mlima unaelekea wapi, na nani sasa ndiye msemaji wake?" Huniuliza watangazaji wa redio, huniuliza wanafunzi, na huniuliza wanasiasa ambao kwa nafasi zao walipaswa kujua zaidi. Kazi yangu ni kusoma matokeo ya kura kituo kwa kituo. Swali hilo ni bovu, na jibu lolote utakalolipa litakuwa bovu vilevile.

Limejengwa juu ya imani kwamba wakazi wa Mlima Kenya, yaani Nyeri, Kirinyaga, Murang'a, Kiambu, Nyandarua, Laikipia, Embu, Meru na Tharaka Nithi hutia kura zao katika kapu moja, na kwamba kapu hilo lina mwenyewe. Ukimpata mwenyewe, umepata Mlima. Basi tufungue vitabu.

Mwaka 1992, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi ya KANU peke yake, Nyeri ilimpa kura Mwai Kibaki wa DP. Murang'a na Kiambu zilimpa Kenneth Matiba wa FORD-Asili, ambaye pia aliongoza Nairobi. Daniel arap Moi akarudi Ikulu kwa takriban asilimia 36 tu, kwa sababu waliompinga waligawanyika, na mpasuko mmoja mkubwa ulikuwa kati ya Nyeri na jirani zake. Miaka 10 baadaye Kibaki alipambana na Uhuru Kenyatta, watoto wawili wa Mlima debeni, na kura za Mkoa wa Kati zikagawanyika tena, ingawa nyingi zilimwendea Kibaki. Hilo kapu moja lilikuwa wapi?

Dawa inayouzwa kutibu mgawanyiko huu ndiyo inayonikera zaidi: kumtawaza msemaji. Mei 2021, Justin Muturi, wakati huo Spika wa Bunge la Kitaifa, alitawazwa msemaji wa Mlima kule Mukurwe wa Nyagathanga, Murang'a, huku wazee wengine wakiipinga sherehe yenyewe. Haukupita mwaka kabla hajaacha azma ya kuwania urais na kujiunga na muungano wa Kenya Kwanza wa William Ruto. Februari 23, 2022, Rais Uhuru Kenyatta aliwaita viongozi Ikulu ndogo ya Sagana, hapa hapa Nyeri, akawasihi wamuunge mkono Raila Odinga. Kama kuna mtu aliyewahi kuwa mwenye kapu, ni yeye: rais aliye madarakani, mwana wa Jomo, na serikali nzima mkononi. Agosti ilipofika, kaunti zote tisa nilizozitaja zilimpa William Ruto kura nyingi zaidi. Mgombea mwenza wa Raila alikuwa Martha Karua wa Kirinyaga, na Kirinyaga nayo ikampa Ruto.

Baada ya hapo ungetarajia dawa hiyo itupwe. La! Seneti ilipomwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua Oktoba 2024, nikaulizwa kama ataondoka na kapu. Kithure Kindiki alipoapishwa Novemba kuchukua nafasi yake, nikaulizwa kama kapu limehamia kwao Tharaka Nithi. Gachagua alipozindua chama chake cha DCP mwaka 2025, nikaulizwa kama kapu limerudi kwao Mathira. Watu wazima, wenye digrii, wanaliuliza jambo ambalo Sagana ililijibu mbele ya macho yao.

Wapo watakaosema kwamba mwaka 2013 na 2017 Mlima ulisimama na Uhuru karibu wote. Ni kweli, kwenye safu ya urais. Shuka safu moja tu. Mwaka 2013, TNA ya Uhuru ikiwa imeteka kila ukuta na kila fulana, Nyeri ilimchagua Nderitu Gachagua gavana wake wa kwanza kwa tikiti ya chama kidogo cha GNU. Mwaka 2017 Laikipia ilimchagua Ndiritu Muriithi, mgombea huru. Mwaka 2022 Meru ilimwangusha Kiraitu Murungi, mkongwe wa siasa, ikamchukua Kawira Mwangaza, naye pia mgombea huru. Na Tetu? Mwaka 2002 ilimpa Wangari Maathai takriban asilimia 98 ya kura. Mwaka 2004 akapata Nobeli. Mwaka 2007 hakurudi bungeni. Hawa ndio wapigakura tunaoambiwa hufuata ishara ya mkono wa mtu mmoja.

Sasa kuna swali jipya, ambalo hudhaniwa kuwa la kisasa: je, miji ya Mlima imehama na kuviacha vijiji? Hili angalau lina mbegu ya maana. Kosa lake ni kudhani kwamba tunaouita mji kwenye matokeo ndio mji wenyewe. Eneobunge la Nyeri Mjini lina wadi tano, na katikati ya mji ni Rware. Ukienda Gatitu/Muruguru au Kamakwa/Mukaro uko kwenye kahawa na ng'ombe wa maziwa. Jumla ya eneobunge haikwambii lolote kuhusu mji.

Basi shuka hadi kituoni. Chukua Fomu 34A, ile inayojazwa kituoni usiku wa kuhesabu. Ni karatasi moja: jina la kituo, idadi ya waliojiandikisha, kura za kila mgombea wa urais, kura zilizokataliwa, kisha saini za mawakala na za msimamizi wa kituo. Kituo hakizidi wapigakura 700. Penye shule kubwa utakuta vituo kadhaa, na wapigakura wamegawanywa kwa herufi za majina yao. Fomu haina umri, haina kazi, haina kabila. Anayekwambia kwa asilimia kamili jinsi vijana wa Nyeri mjini walivyopiga kura hajaitoa asilimia hiyo kwenye fomu. Tena wapo wengi kwenye daftari la Othaya ambao hulala Ruiru au Nairobi, hupanda matatu mkesha wa uchaguzi, hupiga kura na kurudi. Utamhesabu mtu huyo wa mji au wa kijiji?

Mabadiliko makubwa yako kwenye sensa, na hayazungumzwi. Mwaka 2009 Kiambu ilikuwa na watu 1,623,282. Mwaka 2019 ilikuwa na 2,417,735. Ongezeko hilo la watu karibu 794,000 linazidi Nyeri yote, ambayo mwaka 2019 ilikuwa na watu 759,164. Uzito wa kura umeshuka kutoka miteremko ya Nyeri hadi kwenye maploti ya Ruiru, Juja na Ruaka, wanakoishi wapangaji kutoka pande zote za nchi.

Na huko ndiko ishara za 2022 zilikotangulia. Mei 2021, katika uchaguzi mdogo wa Juja, mgombea wa chama cha PEP aliishinda Jubilee ya Rais Uhuru kwenye kaunti yake mwenyewe. Julai, Kiambaa ikaiangusha Jubilee tena, safari hii mbele ya UDA ya Ruto, kwa tofauti ya kura mia tano na kitu. Sagana ilikuwa bado miezi saba mbele. Aliyezitazama Juja na Kiambaa hakuhitaji kumuuliza mzee yeyote. Lakini asiseme pia kwamba mji ukigeuka umegeuka moja kwa moja. Kaunti ya Tarrant kule Texas, penye mji wa Fort Worth, ilimpa Biden mwaka 2020 na Trump mwaka 2024.

Jambo la pili lisiloonekana ni wasiokwenda kupiga kura. Nchini kote waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 86 mwaka 2013, karibu 80 Agosti 2017, na karibu 65 mwaka 2022, na Mlima nao ulishuka. Mgombea anaweza kuzoa asilimia ile ile ya kura huku maelfu ya waliompa mtangulizi wake wakibaki nyumbani. Vijana walioandamana kwenye barabara za Nyeri na Nanyuki Juni 2024 walionekana na kila kamera. Kama wako kwenye daftari ni suala jingine: kufikia 2022, idadi ya vijana waliojiandikisha ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 5 tangu 2017.

Ukitaka kuujua mji wako, fanya hivi. Tafuta Fomu 34A za vituo vyako za 2022 na matokeo ya vituo hivyo hivyo ya 2017. Tazama kwanza waliojitokeza, kisha washindi. Linganisha urais na ubunge na udiwani katika wadi moja, utaona kama watu walipiga suti, yaani chama kimoja kwenye kila karatasi, au walichagua mtu. Fuatilia chaguzi ndogo za viungani. Linganisha vituo vya katikati ya mji na vya mashambani ndani ya eneobunge lile lile, kamwe si kaunti kwa kaunti. Na kama unaishi Ruiru, unalipa kodi ya nyumba Ruiru, na maji yanakatika Ruiru, ilhali jina lako liko Othaya, ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneobunge hupokea maombi ya kuhamisha kituo. Nenda na kitambulisho, na uende mapema, maana shughuli hiyo husimamishwa kabla ya uchaguzi, na uchaguzi ni Agosti 10, 2027.