Falsafa Inapopanda Jukwaani: Mfano wa Éric-Emmanuel Schmitt

Aghalabu mtahiniwa akiulizwa msimamo wa mwandishi wa tamthilia, hunukuu kauli ya mhusika mmoja na kuhitimisha kwamba hayo ndiyo aliyoyaamini mwandishi. Kosa hili humpotezea alama nyingi. Makala haya yanaangazia safari ya mwandishi Mfaransa, Éric-Emmanuel Schmitt, ambaye kazi zake zinalidhihirisha kosa hilo bayana.

Schmitt alizaliwa mwaka wa 1960 karibu na Lyon. Alisomea falsafa katika École Normale Supérieure jijini Paris, na mwaka wa 1987 akapata shahada ya uzamifu kwa tasnifu kuhusu Diderot, mwanafalsafa wa karne ya 18 ambaye pia alitunga tamthilia. Baadaye alifundisha falsafa katika chuo kikuu cha Chambéry. Mwaka wa 1989 alipotea usiku mmoja katika jangwa la Hoggar, kusini mwa Algeria. Aliingia humo akiwa hamwamini Mungu, akatoka akiwa muumini. Tukio hilo alikuja kulisimulia kitabuni mwaka wa 2015.

Tamthilia iliyompa sifa ni Le Visiteur, yaani 'Mgeni', ya mwaka wa 1993. Mandhari yake ni Vienna, 1938, baada ya Wanazi kuitwaa Austria. Daktari Freud, mzee Myahudi asiyeamini Mungu, amebaki peke yake. Bintiye Anna amechukuliwa na Gestapo, polisi wa siri wa Hitler. Mara anaingia mgeni nadhifu asiyetarajiwa. Je, ni Mungu? Au ni mwendawazimu ambaye habari zimeenea kwamba ametoroka hospitalini? Taharuki hii haifumbuliwi hadi mwisho. Mwaka wa 1994 tamthilia hiyo ilituzwa tuzo tatu za Molière, na Schmitt akaacha kufundisha ili aishi kwa kalamu yake.

Hebu tuutazame mgogoro huo kwa makini. Mtunzi ni muumini, lakini hoja nzito dhidi ya Mungu, hasa ile ya mateso ya wasio na hatia, amempa Freud, wala hakuzipunguza makali. Laiti angemfanya Freud mjinga wa kushindwa kwa urahisi, tungepata mahubiri wala si tamthilia. Kwa hivyo, anayeandika kwamba 'mwandishi hamwamini Mungu kwa sababu Freud amesema hivyo' amepotoka. Hata anayedai kuwa mgeni ni Mungu bila shaka yoyote amepita mpaka wa matini.

Schmitt hakukomea jukwaani. Hadithi yake kuhusu Ibrahim, mwenye duka Mwislamu, na kijana Myahudi wa Paris, ilifanywa filamu na François Dupeyron mwaka wa 2003. Kisha Schmitt mwenyewe akaongoza Odette Toulemonde (2007) na Oscar et la dame rose (2009), ambamo mtoto mgonjwa anamwandikia Mungu barua. Fani hapa inabadilika. Odette, mwuzaji wa dukani, anapofurahi huelea hewani. Jukwaani furaha hiyo ingehitaji maneno. Kwenye filamu picha yatosha.

Mwalimu anapofundisha tamthilia yoyote, awaongoze wanafunzi wajiulize: Nani anasema? Anamjibu nani, na katika hali gani? Matukio yanaiunga mkono kauli yake au yanaipinga? Msimamo wa mwandishi hutokana na majibu ya maswali haya yakiwekwa pamoja, hasa jinsi mgogoro unavyotatuliwa au unavyoachwa wazi.

Zoezi: Chagua wahusika wawili wanaopingana katika tamthilia unayoisoma. Eleza hoja yenye nguvu zaidi ya kila mmoja, kisha uonyeshe iwapo mwandishi ameegemea upande wowote.