Je, wiki ya kulala kabla ya fainali humjenga mchezaji?



Kila inapokaribia sikukuu ya somo wa parokia, vijana wa Oloipiri hutujia hospitalini na swali moja: "Mwalimu wa timu amesema tusikimbie wiki nzima hadi siku ya fainali. Je, ni sawa?" Wengine hutujia baada ya sikukuu, nao wana kilio cha kinyume chake. Wamecheza nusu fainali asubuhi na fainali jioni ile ile, na sasa mguu haunyooki. Jambo hili huzisumbua hata timu kubwa za nchi yetu, hivyo safari hii tumeona tulizungumze.

Tuanze na Simba. Mwezi Aprili 2025 ilivuka nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, lakini nyumbani ilikuwa na viporo vya ligi. Ikalazimika kucheza mechi 4 kati ya tarehe 2 na 11 Mei. Tarehe 17 ikawa Morocco mbele ya RS Berkane, waliokwisha kutwaa ubingwa wa ligi ya kwao na hivyo kuweza kuwapumzisha watu wao bila hofu. Simba ikafungwa 2–0. Watu wakasema ni uchovu tu, na sisi wauguzi tulitaka kukubali upesi. Lakini mabao yote 2 yaliingia katika dakika 15 za mwanzo! Miguu iliyochoka kwa kawaida huanza kusaliti kipindi cha pili, siyo kabla jasho halijatoka. Katika marudiano ya tarehe 25 Mei kule Amaan, Zanzibar, Simba ilitangulia kufunga, ikabaki na watu 10 kwa kadi nyekundu, kisha ikasawazishiwa katika dakika za nyongeza. Hapo uchovu tunauamini.

Na Yanga je? Tarehe 28 Mei 2023 walifungwa 2–1 na USM Alger jijini Dar es Salaam, katika fainali ya kombe hilo hilo. Siku 6 baadaye, wakiwa wamesafiri hadi Algiers, walishinda 1–0. Kombe walilikosa kwa kanuni ya mabao ya ugenini tu. Kama mapumziko marefu ndiyo kila kitu, mechi ile ya pili ndiyo ingewashinda kabisa.

Basi mwili wenyewe unasemaje? Mchezaji aliyekimbia dakika 90 kwa nguvu humaliza sehemu kubwa ya akiba ya sukari iliyomo ndani ya misuli. Akiba hiyo huweza kuchukua siku 2 au 3 kurudi, hata akila vizuri. Nyuzi za misuli nazo huchanika kidogo kidogo, na hujiunga akiwa amelala. Mwaka 2010 ulitolewa utafiti juu ya wachezaji wa timu moja iliyoshiriki Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Katika vipindi vya mechi 2 kwa wiki walikimbia sawasawa na katika vipindi vya mechi 1, ila majeraha yao yalikuwa kama mara 6 zaidi. Hebu fikirini hatari yake: mchezaji hajioni kuwa amechoka, kocha naye haoni, hadi msuli unapokatika.

Pamoja na hayo, kulala tu siyo tiba. Sisi tunaofungua plasta tunajua mguu uliotulia wiki chache unavyotoka mwembamba kama fimbo ya kuchungia. Wiki moja haimfikishi mwenye afya huko, lakini akiacha mazoezi kabisa, ndani ya siku chache damu yake huanza kupungua wingi, na pumzi hupungua nayo. Wataalamu waliopima wanariadha wameona kwamba kinachosaidia ni kupunguza wingi wa mazoezi kwa karibu nusu, kwa muda wa kama wiki 2, bila kupunguza kasi yake. Liverpool ya Uingereza, mwaka 2019, ilikuwa na siku 20 kati ya mechi ya mwisho ya ligi na fainali ya Ulaya. Haikulala. Ilipiga kambi Hispania na kucheza mechi ya majaribio na kikosi cha pili cha Benfica, kilichoombwa kicheze kama Tottenham. Ikashinda fainali 2–0. Tottenham nao walikuwa na siku hizo hizo 20, kwa hiyo wingi wa siku peke yake haukuamua.

Kwa vijana wetu, siku 2 za kwanza baada ya mechi ngumu zitoshe kutembea, kulala usiku saa 8 au zaidi, na kula ugali, viazi, loshoro kwa wingi. Kisha mbio fupi za kasi, siyo ndefu. Akina mama na akina baba, kijana anayeambiwa apumzike halafu akafuata ng'ombe kutwa nzima hajapumzika, mpokezaneni zamu. Na waandaaji wa mashindano, tunawasihi, msipange mechi 2 kamili kwa siku moja. Tulimtibu kijana aliyechezeshwa hivyo. Alisikia kitu kikipasuka nyuma ya paja, akafungwa kitambaa, akarudishwa uwanjani. Kuchunga kulimshinda muda wa miezi 2, na mdogo wake akaacha masomo muhula ule ili kushika mifugo.

Anayesikia mpasuko wa namna hiyo atoke uwanjani mara moja. Awekewe kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, mguu uinuliwe, na asichuliwe kwa siku 2 au 3 za kwanza, hata kama babu anajua sana kuchua. Asipoweza kukanyaga, aletwe hospitali siku ile ile.